Kalenda ya Kavata Ilipofunguliwa

Kavata Ndululu alikuwa mtu wa kukumbusha wengine. Katika ofisi ya mjini Wote alikofanya kazi, ofisi ya shirika moja linalojenga mabwawa ya mchanga ya kuhifadhi maji kwenye mito mikavu ya Makueni na Kitui, mtu akitaka kujua gari linaenda wapi kesho, simiti itafika lini, au wageni wa kutoka Nairobi watalala wapi, alimwendea yeye. Hakuwa mkurugenzi wala mhandisi. Alikuwa msimamizi wa ofisi. Lakini Ben, mratibu wa miradi aliyekuwa bosi wake, alipenda kuwaambia wageni kwamba Kavata akishikwa na homa, shirika zima linalala.

Asubuhi, kabla hata ya kuvua koti, aliwasha kompyuta na kupitia barua pepe zilizoingia. Za kujibiwa alizijibu papo hapo. Za kutupwa alizitupa. Zile zilizobaki alizigeuza kuwa kazi, akazipa tarehe, akaziweka kwenye kalenda, na kalenda hiyo ilikuwa pia kwenye simu yake. Wenzake walikuwa na barua maelfu ambazo hawajazifungua. Yeye hakuweza.

"Nikienda nyumbani na barua haijajibiwa," aliwaambia, "naona ni kama nimeacha sufuria chafu jikoni. Sitalala."

Nyumbani mambo yalikuwa hivyo hivyo. Kavata na mumewe, Mbaluka, waliishi nje kidogo ya mji, upande wa kuelekea Kathonzweni, katika nyumba waliyoijenga polepole mpaka ikaisha. Mbaluka alifundisha hesabu katika shule moja ya sekondari upande huohuo, na Jumapili alisimamia kwaya kanisani. Binti yao wa pekee, Nzisa, alikuwa chuo kikuu. Siku za mgao wa maji, chanjo ya ng'ombe, mikutano ya akina mama wa kanisa, tarehe ya Nzisa kufunga chuo, yote yalikuwa kwenye kalenda ile ile ya simu. Mambo ya ofisi aliyapa rangi ya kijani. Ya nyumbani aliyapa zambarau. Aliyaweka yote kwenye akaunti moja, ile aliyopewa na ofisi, kwa sababu aliona kuwa na akaunti mbili ni kujitafutia kupotea.

Kati ya yale ya zambarau, mengi yalimhusu Mbaluka.

Mbaluka alikuwa na ugonjwa ambao daktari aliuita baipola. Ulimjia akiwa tayari mtu mzima, Nzisa akiwa bado shule ya msingi. Kwanza aliacha kulala. Alikuwa akiamka kabla ya jogoo, anakwenda shuleni kwa miguu, anaandika ubao mzima na kuufuta kabla hata mwanafunzi mmoja hajafika. Aliongea haraka mpaka watu wakashindwa kumfuata. Mbele ya wazazi alitangaza kwamba atajenga bweni la ghorofa kwa mikono yake mwenyewe, na wazazi wakapiga makofi wakidhani anatania. Baada ya hapo akaanguka. Akalala ameangalia ukuta, haogi, hali, na siku moja Kavata alimkuta ameketi pembeni ya kisima cha jirani, miguu ndani, hasemi neno.

Kavata alimpeleka Machakos, si kwa sababu hakukuwa na hospitali karibu, bali kwa sababu Machakos hakuna aliyewajua. Shuleni walisema ni malaria iliyopanda kichwani. Kanisani pia walisema hivyo. Ukweli waliujua watu wanne tu: Kavata mwenyewe, Mbaluka, daktari, na Kaveke, dada yake Mbaluka aliyekuwa na duka la vitambaa na ushonaji kule mjini Kabati, Kitui. Hata Nzisa hakuambiwa waziwazi, ingawa alikuwa na macho.

Dawa zilimfaa Mbaluka. Miaka ikapita, akawa mwalimu ambaye wanafunzi wanamtafuta hata wakishamaliza shule. Lakini daktari alikuwa amemwambia Kavata jambo moja, wakiwa wawili tu kwenye korido: "Usingizi ndio unatangulia. Ukiona hapati usingizi, au ameanza kuongea haraka, usingoje. Andika, uniambie."

Kavata akaandika. Alikuwa ameandika maisha yake yote, angeshindwaje hili? Karibu kila asubuhi, Mbaluka akiwa bafuni, alifungua simu na kuandika maneno machache ya zambarau. *Alilala vizuri.* *Alilala kidogo.* *Amenunua mbuzi bila kuniuliza.* *Vidonge vimepungua sawasawa.* Mbaluka hakujua. Kavata hakuona kama ni kumficha. Aliona ni sehemu ya kumtunza, kama kumpigia nguo pasi.

Mwaka juzi, Januari, shirika likabadilisha mitambo. Ben aliita mkutano akaeleza kwamba kuanzia sasa barua pepe, kalenda na faili zote zitakuwa mahali pamoja, na kila mtu ataona ratiba ya mwenzake, ili watu waache kupigiana simu kuulizana uko wapi. Hata wenyeviti wa kamati za maji vijijini, waliopewa tableti na shirika, wangeingia humo humo.

"Mama Nzisa atawasaidia wale ambao hawajui," Ben akasema, na watu wakacheka kwa kuwa walijua ndivyo itakavyokuwa.

Na kweli Kavata aliwasaidia. Alikaa na mzee huyu, akakaa na yule, akawaonyesha pa kubonyeza. Fundi wa kompyuta alikuwa Nairobi, akifanya kazi yake kwa mbali, na ni yeye aliyefungua kalenda za akaunti zote za ofisi kwa wakati mmoja. Kavata alijua kwamba zitafunguliwa. Lakini akilini mwake kilichofunguliwa kilikuwa kijani. Zambarau ilikuwa ya nyumbani, na nyumbani ni nyumbani. Haikumjia hata kidogo kwamba mashine haijui nyumba ya mtu inaanzia wapi.

Aliyemwambia alikuwa Bushra.

Bushra alikuwa mhasibu, mtoto wa wafanyabiashara wa Mwingi, mwanamke mpole asiyependa maneno ya ofisini. Alimfuata Kavata jikoni pale ofisini, akafunga mlango, akafungua bomba la maji ingawa hakuwa na chombo cha kuosha.

"Mama Nzisa, nisamehe," alisema. "Nimefikiria nikae kimya, nimeshindwa. Ile kalenda yako... inaonekana yote."

"Si ndiyo, yote inaonekana. Ndivyo Ben alisema."

"Si ya kazi peke yake." Bushra aliangalia chini. "Hata ya mwalimu. Mambo ya dawa. Mambo ya usingizi. Nilikuwa natafuta siku ya gari la Kitui, nikaona. Wallahi nilifunga mara moja. Lakini mimi si wa kwanza. Tangu wiki iliyopita watu wanaongea."

Kavata alishika ukingo wa sinki. Bushra akazima maji, akamshika bega, wakasimama hivyo.

Alipopata nguvu alikwenda moja kwa moja kwa Ben. Ben akampigia fundi, na kabla ya chakula cha mchana kalenda ya Kavata ilikuwa imefungwa. Ben aliomba msamaha, akasema kosa ni la shirika, walipaswa kuwaonya watu mapema. Kisha, Kavata akiwa ameshafika mlangoni, akauliza kwa sauti ya chini, "Na mwalimu anaendelea aje siku hizi?"

Hapo Kavata akajua kwamba hata Ben alikuwa amesoma.

Jioni hiyo alipika muthokoi wa mahindi na maharagwe, akampakulia mumewe, akakaa mkabala naye. Maneno yalikuwa tayari kwenye ulimi. Mbaluka alikuwa akieleza habari ya mwanafunzi aliyekuwa na shida na aljebra na sasa anawafundisha wenzake, na uso wake ulikuwa na furaha ya kawaida, furaha ya mtu aliyefanya kazi yake vizuri. Kavata akayameza yale maneno. Kalenda imefungwa, alijiambia. Watu watapata kingine cha kuongea. Kesho yake akajiambia hivyo tena, na siku iliyofuata.

Lakini mwenyekiti wa kamati moja ya maji, mzee aitwaye Mulinge, alikuwa pia kwenye bodi ya shule ya Mbaluka. Mulinge hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameona yale maandishi kwenye tableti yake, akayapiga picha, akamwonyesha mkewe. Mkewe akamwambia kwamba mtu wa bodi hawezi kunyamaza jambo kama hilo, watoto wakipata shida ataulizwa yeye. Mulinge akampelekea mwalimu mkuu zile picha. Kutoka kwa mwalimu mkuu zikafika, hakuna aliyekubali kusema kwa njia gani, kwenye kundi la simu la walimu.

Mbaluka alirudi nyumbani mchana, jua likiwa bado kali. Kavata alikuwa amekuja kuchukua vocha za malipo ya ofisi alizosahau, na alipomwona kwenye mlango na mfuko wake wa vitabu alijua.

"Mwalimu mkuu amenipa ruhusa nipumzike," Mbaluka alisema. "Mpaka nilete barua ya daktari. Sijaomba kupumzika. Nilikuwa katikati ya somo."

"Baba Nzisa..."

"Ngoja. Nikusomee." Alitoa simu, akaishika mbali kidogo na macho kwa kuwa hakuwa na miwani. "'Alilala kidogo. Anaongea haraka.' Hii ni ya Machi iliyopita. 'Amekasirika na jirani bila sababu.' Kulikuwa na sababu, ng'ombe wake walikuwa kwenye shamba letu la ndengu, hukuandika hiyo. 'Nimehesabu vidonge, viko sawa.' 'Anaimba jikoni asubuhi. Nimwangalie.'"

Alishusha simu. Kisha akauliza, si kwa hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Kavata zaidi: "Kavata, hata kuimba?"

"Daktari aliniambia niandike."

"Alikwambia unifiche?"

Kavata aliketi kwenye kiti cha karibu.

"Hao wengine nawaelewa," Mbaluka akasema. "Watu ni watu. Mulinge namwelewa. Lakini mimi nilidhani nikiwa hapa ndani siangaliwi. Kumbe hapa ndipo nilikuwa naangaliwa kuliko kwingine kokote. Nikicheka, unaandika. Nikinyamaza, unaandika. Miaka yote hii nimeishi kwenye simu yako kama mgonjwa kwenye wodi, na mimi nikidhani niko kwangu."

"Nilikuwa naogopa. Nani alikukuta siku ile ya kisima? Ni mimi nilikukuta. Mimi peke yangu."

"Ungeniambia unaogopa."

Akaingia chumbani. Kavata alirudi ofisini bila vocha, akakaa mbele ya kompyuta, na barua zikaingia moja baada ya nyingine bila yeye kufungua hata moja. Wenzake walipita wakitembea kwa vidole. Bushra alimletea chai, ikapoa.

Baada ya hapo Mbaluka aliacha dawa. Kavata alizikuta zote ndani ya chupa, na alipomwambia, alijibu, "Nikimeza wataniita mwendawazimu, nisipomeza wataniita mwendawazimu. Nimeze ya nini?" Kanisani alikwenda mara moja tu. Watu walimsalimia kwa mikono miwili na kumuuliza afya kwa namna ambayo hawakuwahi kumuuliza, na mama mmoja akamwombea kwa sauti palepale, akikemea roho ya kuchanganyikiwa. Mbaluka alisubiri amalize, akasema asante, akatoka. Jumatatu iliyofuata Kavata alirudi kutoka kazini akakuta nyumba imefagiliwa, ng'ombe wamepewa maji, na Mbaluka hayupo.

Alipiga simu. Haikushikwa. Akampigia Kaveke, kule Kabati.

"Yuko hapa," Kaveke alisema. "Amefika mchana. Usije sasa, Mama Nzisa. Ana hasira. Mwache apoe."

"Analala?"

Kaveke alisita. "Aiya, hata wewe! Mtu amefika leo tu. Nitajuaje kama analala?"

Kavata aliona aibu, akakata simu. Siku zilizofuata hakuuliza tena, ingawa swali lilikuwa kooni kutwa nzima. Nzisa alikuwa amesikia kwa rafiki aliyesikia kwa rafiki, akampigia mama yake akilia, akasema alijua tangu zamani na aliumia kwamba walimwona mtoto wa kufichwa. Kavata alimwomba msamaha yeye pia. Ilikuwa kana kwamba kazi yake sasa ni kuomba msamaha tu.

Kisha Kaveke akapiga mwenyewe.

"Njoo," alisema. "Na uje haraka."

Kavata alifika Kabati siku ya soko. Kaveke alimpokea mlangoni mwa duka, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni, macho yamevimba kwa kukosa usingizi.

"Amenitolea vitambaa vyote kwenye rafu," alisema. "Anapima ukuta. Anataka tuubomoe tupanue duka mpaka barabarani. Nimemwambia kiwanja si changu, hasikii. Leo ametoka mapema. Yuko huko sokoni anafundisha."

"Anafundisha nani?"

"Kila mtu."

Hawakuhitaji kuuliza aliko. Karibu na wauza kuku watu walikuwa wamejipanga duara, na katikati Mbaluka amesimama juu ya kreti ya soda, shati limelowa jasho, akieleza namna ambavyo kila mfanyabiashara wa Kabati akichanga tofali tu, tofali moja kwa siku, hesabu yake itajenga chuo kikuu. Aliandika hewani kwa kidole. Alipiga hesabu haraka, na hesabu zilikuwa sahihi, na watu walicheka. Si wote walicheka kwa ubaya. Wengine walidhani ni mhubiri. Wengine walikuwa wakimpigia makofi kumchochea. Mwanamume mmoja kijana, mwenye koti la bodaboda, alikuwa ameinua simu akirekodi.

Mbaluka alimwona huyo. Akasimamisha kidole hewani.

"Wewe ni Kitheka," alisema. "Ulikaa dirishani. Ulipenda jometri."

Yule mwanamume akashusha simu. "Mwalimu?" alisema. "Ni Mwalimu Mbaluka?" Na uso wake ukaharibika.

Kavata alikuwa ameshafika mbele. "Zima hiyo simu tafadhali," alimwambia, na Kitheka alikuwa ameshaizima, na akageuka kuwaambia watu waende, kwanza kwa upole, kisha kwa ukali.

Mbaluka alishuka kwenye kreti. Aliangalia watu waliokuwa wakitawanyika, akaangalia shati lake, kisha akaketi chini, kwenye vumbi na manyoya ya kuku. Ile kasi yote ilikuwa bado ndani yake, lakini macho yalikuwa yameona hali yake.

Kavata akaketi kando yake, na nguo yake ya kazi.

"Utaandika hii?" Mbaluka akauliza.

Kavata alitoa simu mkobani. Akaifungua pale alipopajua, mahali pa zambarau, na akamwonyesha. Miaka yote ilikuwa pale, mwezi juu ya mwezi. "Ninaifuta," alisema. "Yote. Si ili urudi. Hata ukikataa kurudi, ninaifuta." Akabonyeza. Simu ikamuuliza kama ana hakika, akaiambia ana hakika. Rangi ile ikatoka kwenye kila siku.

Alipomaliza alihisi kama mtu aliyezima taa ndani ya nyumba asiyoijua vizuri. Alikuwa ametupa kitu pekee alichokitegemea kuona mbele.

"Sasa utajuaje?" Mbaluka akauliza. Sauti yake ilikuwa nyembamba.

"Sijui. Itabidi uniambie."

Mbaluka aliokota unyoya wa kuku vumbini, akauzungusha. Kisha akasema, "Kichwa kinakimbia, Kavata. Siwezi kukishika. Nipeleke Machakos."

Kitheka aliwatafutia gari la rafiki yake na kwenda nao mpaka huko, akikaa mbele, hageuki nyuma hata mara moja.

Mbaluka alilazwa kwa wiki kadhaa. Haukuwa wakati mzuri, na sitaupamba. Kuna siku alimfukuza Kavata, na kuna siku alimshika mkono akakataa kuuachilia saa ya wageni ilipoisha. Baada ya ile kasi kuisha alianguka, kama zamani, na akarudi kuangalia ukuta. Daktari aliwaketisha wote wawili, siku Mbaluka alipoanza kula, akasema kwamba maandishi bado yanahitajika, ila safari hii ameona yeye pia alikosea. "Nilimwambia mke wako kwenye korido," alimwambia Mbaluka. "Ningekwambia wewe."

"Nitaandika mwenyewe," Mbaluka alisema. "Kwa simu yangu. Na yeye asione mpaka nimwonyeshe."

Kavata alikubali. Alikubali kwa mdomo, na ndani aliogopa, maana ni mgonjwa gani anayejua kwamba ameanza kuugua?

Walipopata ruhusa ya kurudi nyumbani, Mulinge alikuja kuwatembelea, na gunia dogo la ndengu begani. Alikaa kwenye ukingo wa kiti, kofia mkononi. Alisema alifikiria watoto wa shule, hakufikiria zaidi ya hapo. Alisema picha zilipotoka mkononi mwake hakujua zitafika wapi.

"Nimekusikia, mzee," Mbaluka alimwambia. "Nimepokea ndengu. Ila sijui kama nitaweza kukaa na wewe kikao kimoja tena. Usinilazimishe leo."

Mulinge akaitikia kwa kichwa, akaondoka. Mpaka leo wakikutana barabarani wanasalimiana, na kila mmoja anaendelea na safari yake.

Barua ya daktari ilipelekwa shuleni, na bodi ikakubali Mbaluka arudi. Alirudi muhula mmoja. Aligundua kwamba akiinua sauti darasani, hata kwa utani, wanafunzi wa nyuma wanatazamana. Akaomba uhamisho, akapata shule nyingine ndogo mbele zaidi ya Kathonzweni, ambako kabla ya kugusa chaki alimwambia mwalimu mkuu mwenyewe, kwa maneno yake, anaumwa nini na anatumia dawa gani. Mwalimu mkuu huyo alikuwa mama mzee aliyekaribia kustaafu. Alimsikiliza mpaka mwisho, akamuuliza kama anaweza kuchukua pia darasa la fizikia.

Kwaya hakurudi. Hilo Kavata analiona kila Jumapili, wimbo ukianza na Mbaluka amekaa tu, mikono juu ya magoti.

Kavata alibaki ofisini. Fundi alimtengenezea akaunti yake binafsi, na sasa simu yake ina milango miwili ambayo haikutani. Barua za kazi bado anazijibu, lakini si papo hapo kama zamani, na kuna jioni anatoka akiacha nyingine hazijafunguliwa na kulala. Watu wapya wakija, yeye ndiye anayewafundisha kutumia kalenda. Jambo la kwanza analowaambia ni kwamba wasiweke humo jina la mtu wa nyumbani kwao. Hawaambii kwa nini. Bushra, kwenye meza ya pili, huwa anainamisha kichwa kwenye kazi zake.

Kilicho kigumu ni asubuhi. Miaka mingi aliamka akijua la kufanya: kutazama, kuandika. Sasa anatazama bila kuandika, na mara nyingine anajizuia hata kutazama, na hofu haina mahali pa kuwekwa. Amejaribu kuisema. "Leo naogopa," anamwambia mumewe wakivaa. Siku nyingine Mbaluka anacheka kidogo, anamwambia hakuna kitu. Siku nyingine anakasirika, wanaondoka bila kuagana.

Juzi, wakati wa chai, Mbaluka alikuwa akipaka mkate siagi. Kavata alimmiminia chai akazungumza habari za mvua, ambayo ilikuwa imechelewa tena.

"Sijalala siku mbili," Mbaluka akasema.

Kavata aliweka chupa ya chai mezani.

"Nimeandika," aliendelea Mbaluka, bila kumwangalia. "Nilikuwa nikidhani nitangoja siku ya tatu. Halafu nikaona, hapana. Mpigie daktari. Au ngoja, nipe namba, nipige mimi."

Alichukua simu. Akabonyeza namba aliyotajiwa, akakosea, akaanza upya. Kavata alikaa na mikono yake mapajani, akaizuia isimsaidie. Simu ikaita muda mrefu upande wa pili, wote wawili wakiisikiliza, mpaka mtu akaitika.